Uuze au ubaki nalo? Mwongozo kamili kwa mwenye gari la spoti Dodoma anayehamia nje ya nchi

Wanaoondoka Dodoma kwenda masomoni au kazini nje ya nchi wanaendelea kukwama mahali pale pale. Gari linafikiriwa wiki ya mwisho, tiketi ikiwa imeshakatwa. Dalali akishajua una haraka, gari la milioni ishirini linaondoka kwa kumi na nne. Au ufunguo unaachwa kwa ndugu kwa maneno mawili mlangoni, na baada ya miaka miwili mwenye gari anakuta betri imekufa, matairi yamepasuka ubavuni na faini za barabarani zimerundikana kwa jina lake.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la spoti: Impreza WRX au STI, Altezza, RX-8, Fairlady Z, Toyota 86, Mark X iliyofanyiwa marekebisho na mengine ya aina hiyo. Huwezi kuyafanyia uamuzi uleule wa IST au Harrier. Soko lake ni dogo, mafundi wanaoyajua ni wachache, na yakikaa vibaya huharibika kwa gharama kubwa. Anza miezi mitatu kabla ya safari. Kwa mwezi mmoja inawezekana, lakini utakuwa unakimbizana na kila kitu.

## Andaa hivi kwanza

- Kadi orijino ya gari. Kama iko benki kwa sababu ya mkopo, omba leo taarifa ya deni lililobaki na utaratibu wa kuitoa.
- Kitambulisho cha NIDA na TIN yako.
- Hati ya bima inayoonyesha tarehe ya mwisho.
- Kumbukumbu zote za sevisi, hata risiti za oili.
- Ufunguo wa pili.
- Vifaa vya kiwandani ulivyovitoa: ekzosi, rimu, springi, redio.
- Barua ya chuo au mkataba wa kazi unaoonyesha muda utakaokaa.
- Daftari. Hesabu za kichwani ndizo zinazowaponza wengi.

Kisha kagua madeni kwa namba ya gari. Faini za usalama barabarani zinaonekana kwenye mfumo wa polisi wa TMS, na ushuru wa maegesho unaokusanywa na TARURA uko kwenye mfumo wa TeRMIS. Kama umezoea kwenda Dar es Salaam kwa gari, usishangae kukuta jambo. Barabara ya Morogoro ina vibao vya 50 kila kijiji, Kibaigwa hadi Gairo na kuendelea, na kila faini ni shilingi 30,000. Lipa zote kabla hujaanza kuongea na mnunuzi.

## Hatua ya 1: Andika muda wa kukaa nje, ule wa kweli

Mkataba ukisema mwaka mmoja lakini moyoni unatarajia kuuongeza, andika muda ulio moyoni. Uamuzi wote unategemea namba hii.

Chini ya miezi 12, kubaki na gari mara nyingi kuna maana, kwa sababu gharama za kuuza na kununua tena zinaweza kuzidi za kulitunza. Kati ya mwaka mmoja na miwili, hesabu ya Hatua ya 4 ndiyo itakayoamua. Zaidi ya miaka miwili, msimamo wangu ni kuuza, isipokuwa gari ni adimu na una mtunzaji wa uhakika.

Kuna sababu nyingine ya kuangalia mpaka huo wa miaka miwili. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoa msamaha wa ushuru kwa mtu anayehamisha makazi kurudi nyumbani, ukiwamo wa gari moja alilolimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12. Masharti yake lazima uyathibitishe TRA kabla ya kufunga mizigo, lakini anayekwenda kukaa miaka minne Uingereza anaweza kurudi na gari lingine. Sababu ya kulifungia la sasa inapungua.

Kama mke au mume anabaki na atalitumia kila siku, huna tatizo la kuhifadhi. Kaeni pamoja muamue kama gari la viti viwili na nusu linawafaa watoto wa shule na matuta ya mtaani, basi.

## Hatua ya 2: Maliza swali la kusafiri nalo

Wengi hulibeba wazo hili kwa miezi bila kulipima. Lipime kwa siku moja.

Marekani, gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao vya usalama huingia kirahisi likifikisha miaka 25. Kanada ni miaka 15. Australia lazima upate kibali kabla gari halijapakiwa melini. Uingereza inaendesha kushoto kama sisi, na anayehamia huko anaweza kuomba msamaha wa kodi kama ameishi nje ya Uingereza angalau miezi 12 na amekuwa na gari hilo angalau miezi 6. Hata hivyo bado kuna nauli ya meli, bandari, ukaguzi na usajili.

Kwa STI ya kawaida ya 2008, jibu karibu kila mara ni hapana. Liandike kwenye daftari na usilirudie.

## Hatua ya 3: Pata bei halisi ya leo

Bei unayoiona kwenye tangazo ni bei ya kuombwa. Unayoitafuta ni ile ambayo fedha ilitoka mkononi mwa mtu. Waulize watu wa aina tatu: yadi moja au mbili za Dar es Salaam, fundi anayeshughulika na magari kama lako, na mtu aliyeuza la aina hiyo mwaka huu.

Wanunuzi wetu hutazama herufi ya namba kabla ya kufungua boneti. Gari namba C na lingine namba D, ya mwaka mmoja na hali moja, hazitajwi bei sawa. Usipoteze muda kubishana na desturi hiyo, iweke tu kwenye hesabu.

Soko la Dodoma kwa gari la chini ni jembamba. Mwenye fedha Ilazo au Kisasa anataka gari la kupita barabara ya vumbi bila kusugua tumbo, na anayekwenda Mtumba kila asubuhi anawaza mafuta. Mnunuzi wako ana uwezekano mkubwa wa kuwa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza. Kwa hiyo toa kwenye bei mafuta ya safari ya kilomita 450 hivi hadi Dar es Salaam na malazi yako huko.

Marekebisho uliyoyafanya hayarudishi fedha uliyoitia. Mnunuzi makini akisikia ekzosi inanguruma huwaza jinsi injini ilivyoteswa. Rudisha vya kiwandani, kisha uza vya ziada peke yake.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba mbili: bei ya kuuza kwa utulivu ndani ya miezi miwili, na bei ya chini ambayo huvuki hata kama ndege ni kesho.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya kubaki nalo

Hapa ndipo watu hujidanganya. Wanasema, "Likikaa halili kitu." Kweli, ada ya leseni ya magari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari lililosimama halidaiwi ada hiyo. Mengine yote linayadai.

Chukua mfano. Tuseme gari lingeuzwa leo milioni 22, utakaa nje miaka miwili, na likitunzwa vizuri litakuwa na thamani ya milioni 18 ukirudi.

- Thamani iliyopungua: 4,000,000.
- Bima kubwa. Asilimia 3.5 ya milioni 22 ni 770,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 908,600 kwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili inashuka kidogo. Weka 1,700,000 kwa miaka miwili.
- Mtunzaji, shilingi 50,000 kwa mwezi: 1,200,000.
- Sevisi, betri, na matairi utakayobadilisha ukirudi: 2,000,000.

Jumla ni 8,900,000. Gawanya kwa miezi 24 upate kama 370,000 kwa mwezi. Hapo bado hujahesabu kwamba milioni 22 zingekuwa kwenye hatifungani za Serikali au mfuko wa uwekezaji wa pamoja zikizaa.

Weka namba zako mahali pa hizo, kisha jiulize: kama mtu angekutoza 370,000 kila mwezi ili gari hilo likungoje, ungelipa? Mwenye kulipenda kweli anaweza kusema ndiyo, na hilo ni jibu halali. Anayelipa ada ya chuo kwa mkopo anapaswa kusema hapana bila aibu.

Hesabu hii hugeuka kwa gari adimu. Kuagiza mbadala wa zamani kutoka Japani kunauma: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000, nyongeza ya uchakavu ya asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10, kisha VAT. Kama lako ni STI ya gia za mkono ambayo haijaguswa, au Skyline iliyo safi, ukishaliuza huenda usilipate tena kwa fedha uliyopokea. Hapo usitumie makadirio yangu ya kushuka thamani. Mark X haina utetezi huo, ziko tele.

## Hatua ya 5: Mtafute mtunzaji kabla hujaamua

Nakuomba usome hatua hii polepole, kwa sababu ndiyo inayoamua kuliko fedha. Gari lisilo na mtu wa kulitunza uza, hata kama hesabu ya Hatua ya 4 inasema libaki.

Mtunzaji mzuri ana sifa nne. Ana mahali penye paa na geti. Anaishi hapo hapo. Anaweza kufuata maelekezo yaliyoandikwa. Na ana usafiri wake mwenyewe. Sifa ya nne ndiyo watu huipuuza. Mtu asiye na gari akiachiwa WRX uani, ipo siku mtoto ataugua usiku, au kutakuwa na msiba Kondoa, na gari litatoka. Huwezi kumlaumu kwa hilo, utakuwa umemweka kwenye jaribu kubwa.

Ndugu wataomba. Jiandae na maneno yenye heshima na yasiyoacha mlango wazi. Kwa mfano:

"Shemeji, nakushukuru kwa kujitolea. Gari hili nimeliwekea utaratibu wa bima unaotaja nani anaruhusiwa kuliendesha, na nimeshakabidhi. Ukipata shida ya usafiri nipigie simu, tutatafuta usafiri mwingine."

Ahadi ya kusaidia usafiri iwe ya kweli. Tenga kiasi kidogo kwa ajili hiyo, ni nafuu kuliko gia boksi.

Mlipe mtunzaji hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja. Malipo humpa haki ya kukataa wengine: "Kaka amenipa kazi, siwezi." Andikianeni karatasi moja yenye kazi za kila mwezi, nani anaruhusiwa kushika usukani na namba ya fundi. Mwombe picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita kila tarehe moja.

Umefaulu ukiwa na jina la mtu mmoja aliyekubali na kusaini. "Tutaona" haihesabiki.

## Hatua ya 6: Amua kwa tarehe

Siku 60 kabla ya safari, fungua daftari. Muda, hesabu, mtunzaji. Kama viwili kati ya hivyo vinasema uza, uza. Kama mtunzaji hayupo, uza. Mwambie mwenza wako uamuzi siku hiyo hiyo ili usiubadilishe usiku.

## Hatua ya 7: Ukiuza, maliza na jina

Tengeneza kwanza vitu vidogo vinavyopunguza bei kupita gharama yake: taa ya injini inayowaka, kuvuja kwa oili, bushi zinazogonga. Lipime kwa mashine gereji na uchape majibu. Usipake rangi gari zima, rangi mpya humtia mnunuzi shaka ya ajali.

Kwenye picha ziba namba ya kadi na namba ya chesesi. Kwenye majaribio, kaa ndani ya gari kila mara, shika kitambulisho cha mjaribuji, na chagua njia wewe. Magari haya huvuta vijana wanaotaka tu kuonja mwendo. Asiye na uthibitisho wa fedha aendeshwe, asiendeshe.

Kuhusu malipo, usikubali mali kauli. Ukishapanda ndege, awamu ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza, na ya tatu haiji. Kutaneni benki. Ufunguo usitoke mkononi mwako mpaka benki yenyewe ithibitishe kwamba fedha imeingia. Ujumbe mfupi wa simu unatengenezwa na yeyote.

Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, ukiwa na majina, namba za NIDA na TIN za pande zote, namba ya usajili, chesesi na injini, kilomita, bei, idadi ya funguo, na nani analipa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu. Andika pia tarehe na saa ya makabidhiano. Kosa likipigwa tochi saa kumi jioni na mkataba unaonyesha ulikabidhi saa nane mchana, una cha kujitetea.

Kisha jambo ambalo watu wengi huliacha nusu: kuhamisha umiliki TRA. Kumpa mnunuzi kadi hakubadilishi jina. Gari likiua mtu Manyoni, polisi wataanza na jina lililo kwenye mfumo, na wewe uko ng'ambo. Lipieni kwa namba ya malipo ya Serikali na mfuatilie wote wawili ukiwa bado Dodoma. Mnunuzi anayesema "nitabadilisha mwenyewe, usijali" mjibu kwamba bei ni hiyo na jina linabadilika kabla ya safari.

Bima nayo haihami yenyewe. Iarifu kampuni kwa maandishi uone kama kuna kiasi cha kurudishiwa.

Umefaulu ukiwa na picha ya kadi mpya yenye jina la mnunuzi. Bila hiyo, bado hujauza.

## Hatua ya 8: Ukibaki nalo, lilaze vizuri

Dodoma si pabaya kwa kuhifadhi gari. Hewa yetu kavu huchelewesha kutu kuliko pwani. Maadui wa hapa ni jua, vumbi, panya na mchwa.

Mahali. Sakafu ya saruji, chini ya paa. Epuka chini ya mwarobaini: kivuli ni kizuri, lakini matunda na vinyesi vya ndege hula rangi. Epuka banda lililo karibu na mahindi, alizeti au pumba za kuku, panya wakimaliza chakula huhamia kwenye nyaya. Ziba mdomo wa ekzosi kwa wavu wa chuma na ufunge kitambaa chekundu kwenye usukani kukumbusha kwamba kuna kitu cha kutoa.

Osha, hasa chini. Kisha funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa, juu ya rangi iliyo safi. Turubai la plastiki hufungia joto, na upepo wa Julai hadi Septemba hulisugulisha pamoja na mchanga.

Oili. Badilisha kabla ya kulilaza. Oili chafu ina tindikali inayokula vyuma ikikaa.

Mafuta. Jaza tanki ili unyevu usipate nafasi, na utie dawa ya kutunza petroli. Petroli huanza kuchoka ndani ya miezi michache.

Matairi. Pandisha upepo hadi kama paundi 40, bila kuzidi kiwango kilichoandikwa ubavuni, au simamisha gari kwenye vyuma. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama tayari yamezeeka, usiyawekee matumaini.

Breki. Usivute hendibreki, inaweza kuganda. Weka kabari kwenye magurudumu.

Kuwasha. Mtunzaji akiwasha dakika tano na kuzima, anaharibu. Injini haipati joto, maji hubaki kwenye oili na ekzosi. RX-8 ndiyo mbaya zaidi, ikizimwa ikiwa baridi hufurika petroli na kugoma kuwaka. Ama liendeshwe nusu saa kila mwezi, Jumapili asubuhi kwenye lami ya barabara ya Singida kuelekea Nala, na lenye turbo liachwe lingurume taratibu dakika moja mbili kabla ya kuzimwa; ama lisiwashwe kabisa, betri ichomolewe, ikianza na waya wa hasi. Hakuna njia ya katikati.

Iarifu kampuni ya bima kwamba gari litasimama, na uulize kwa maandishi kama moto na wizi bado vinalipwa katika hali hiyo.

Umefaulu mwezi wa tatu ukipokea picha ya dashibodi yenye kilomita ulizotarajia, na hakuna faini mpya kwenye TMS. Kagua mwenyewe ukiwa huko, ni suala la kuandika namba ya gari tu.

## Ikibaki wiki mbili na halijauzwa

Usishuke chini ya bei yako ya mwisho. Wakili akuandalie hati ya uwakilishi ya gari hilo tu, ikitaja mtu mmoja, bei ya chini, akaunti yako ambako fedha yote itaingia moja kwa moja, na tarehe ya hati kuisha nguvu. Hakikisha hati inamruhusu kusaini uhamisho TRA, la sivyo mnunuzi ataondoka na gari lenye jina lako. Acha kadi kwa wakili na ufunguo kwa mwakilishi. Lilaze gari kama Hatua ya 8 inavyosema, na mpe mwakilishi majibu ya vipimo vya gereji awaonyeshe wanunuzi. Miezi mitatu ikipita bila mnunuzi, rudi kwenye namba za Hatua ya 3, uulize soko upya, upange bei nyingine.